Sheria ya Ijumaa na Duka la Jumatatu

Kila Ijumaa, katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, hutoka gazeti moja lisilo na picha wala habari za mpira, ambalo hulioni kwa mchuuzi wa magazeti pembeni ya kituo cha daladala, nalo ni Gazeti la Serikali. Na katika kurasa zake na nyongeza zake huwamo, aghalabu kwa lugha ambayo wanasheria peke yao ndio walioizoea, amri na kanuni ziwezazo kumfilisi mtu au kumneemesha kabla hajapata fununu kwamba zimeandikwa. Sheria ya Tafsiri ya Sheria husema kwamba kanuni huanza kutumika siku ile ile inapochapishwa gazetini humo, isipokuwa yenyewe ikitaja siku nyingine. Nayo Kanuni ya Adhabu, katika kifungu chake cha 8, husema kwamba kutojua sheria si udhuru. Ziweke kauli hizi mbili pamoja, nawe utaona kwamba muuza mchele wa uchochoroni, aliyefunga duka Ijumaa jioni akaenda zake kupumzika, akifungua Jumatatu huhesabiwa kuwa amekwisha kusoma, amefahamu, na ameridhia kila neno lililochapwa Dodoma.

Sina ugomvi na kanuni hiyo ya udhuru, maana dola ikiukubali ujinga kuwa kinga hapatabaki mwerevu hata mmoja mahakamani. Walakini haki ina pande mbili, na anayemhesabu mwenziwe kuwa anajua ana wajibu wa kumjuza. Wazee wa mwambao waliufahamu wajibu huu: jambo likiamriwa, mpiga mbiu alizunguka mitaani na pembe yake, akasimama sokoni na penye njia panda, akalitaja kwa sauti hata asibaki wa kusema hakusikia ila kiziwi au msafiri. Siku hizi mfanyabiashara mdogo huisikia sheria mpya kwa mara ya kwanza kinywani mwa ofisa aliyekuja kumtoza faini kwa kuivunja. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: adhabu ina mjumbe wake, mwenye kitambulisho na kitabu cha stakabadhi, lakini nafuu haina mjumbe. Sheria ikikaza, hubishiwa hodi. Ikilegea, hupita kimya mlangoni pako, nawe ukaendelea kulipa deni ambalo Bunge limekwisha kukusamehe.

Kubadilika kwenyewe si jambo geni kwa wenye maduka wa nchi hii. Ilitungwa mwaka 1972 Sheria ya Leseni za Biashara, ambayo kwa viraka vingi ndiyo ingali ikitumika; mwaka uliofuata ikaja sheria ya udhibiti wa bei, na Tume ya Bei ikawa ndiyo ya kuamua sabuni iuzwe kwa kiasi gani; mwaka 1976 ikaja ile operesheni maduka, ambayo kwayo watu binafsi waliamriwa kufunga maduka yao ili ya ushirika yachukue nafasi zao; na mwaka 1983 wakakutana na msako wa wahujumu uchumi pamoja na Sheria ya Nguvukazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo aonyeshe kazi yake. Miaka michache baadaye milango ikafunguliwa, na yale yale yaliyokuwa jinai yakawa ni bidii ya kupigiwa mfano. Mtu aliyepata kuishi chini ya sheria zote hizo haoni ajabu tena, bali huzizoea kama azoeavyo misimu, akasubiri ipite. Hofu yangu ni kwamba mazoea haya ya kusubiri ndiyo yanayomdhuru leo, kwa kuwa mabadiliko ya sasa si ya miaka kumi kumi. Yana mwezi wake maalumu na hurudi kila mwaka.

Ngamiani, mjini Tanga, kwenye moja ya zile barabara ziitwazo kwa namba badala ya majina, kuna mama mmoja wa makamo mwenye duka la rejareja ambalo ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa kuta zote. Huuza mchele, sukari, mafuta ya kupimwa, viberiti na sabuni za mche. Nyuma ya kiti chake, juu ya ukuta uliopakwa chokaa, pametundikwa katika fremu leseni ya halmashauri na cheti cha namba ya mlipakodi, na kwenye msumari wa tatu inaning'inia, kwa kamba yake ya shingoni, karatasi ngumu iliyofifia rangi: kile kitambulisho cha mjasiriamali kilichotolewa na serikali ya Rais John Magufuli kuanzia Desemba 2018, kwa ada ya shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao ya mwaka hayakuzidi shilingi milioni 4. Wakati huo alikuwa akiuza vitumbua barazani. Kitambulisho hicho muda wake umekwisha, na biashara yake imekwisha kuvuka kiwango, nami nikamwuliza kwa nini hakitupi.

“Siku wakivirudisha, mwanangu,” akajibu, “wataanza kwa kuuliza cha zamani kiko wapi.”

Jibu hilo lina elimu ndani yake kuliko semina nyingi nilizopata kuhudhuria. Lakini tulipofika kwenye kodi, elimu yake ikamgeukia. Kwa makisio yake huuza shilingi 25,000 kwa siku, siku nzuri ikifidia siku mbaya, yaani karibu shilingi milioni 9 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo wasioandaa hesabu za mizania, mwenye mauzo yaliyozidi milioni 7 lakini yasiyozidi milioni 11, akiwa hana kumbukumbu za biashara, hulipa shilingi 250,000 kwa mwaka. Akiwa nazo, hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kwake yeye kilichozidi ni milioni 2, asilimia 3 yake ni 60,000, na jumla inakuwa shilingi 150,000. Baina ya daftari na ukosefu wa daftari pana shilingi 100,000 kila mwaka, mauzo ya siku nne kamili. Naye miaka yote amekuwa akilipa ile kubwa, kwa awamu nne, tena kwa wakati, akijiona kuwa ni mwerevu aliyekwepa mtego.

“Ukiandika unajifunga mwenyewe,” akaniambia. “Hivi kichwani, mama, nani atanisomea?”

Ndivyo alivyoambiwa na mwenye duka wa jirani, naye jirani aliambiwa na mwingine, na sina shaka kwamba silsila ya riwaya hiyo ikifuatwa nyuma itafika kwenye zama ambazo kweli aliyeandika alijifunga. Tangu hapo sheria ilikwisha kugeuka ikawa inamlipa mwandishi na kumtoza asiyeandika, lakini habari ya kugeuka kwake haikufika barabarani kwake, kwa maana hakuna ofisa aliyetumwa kuipeleka. Huyo anayekuja kudai zile 250,000 hana dhambi. Amepewa orodha ya wanaodaiwa, hakupewa orodha ya wanaoweza kupunguziwa.

Mifano ya namna hii si michache. Mwaka 2021 tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo waajiri wameizoea kwa jina la SDL, iliyokuwa ikimwangukia kila mwenye waajiriwa wanne na kuendelea, iliinuliwa kiwango hata ikawa haimgusi mwenye waajiriwa pungufu ya kumi. Fundi cherehani mwenye vijana sita kwenye kibaraza chake akatoka humo kwa mstari mmoja wa sheria. Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kwenye kodi ya ongezeko la thamani kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, na maelfu ya hesabu za kila mwezi zingeweza kukoma hapo kwa wale waliokuwa katikati, maadamu wameomba kufutwa katika daftari la kodi hiyo. Naam, wameomba: nafuu hii haiji yenyewe, na asiyejua kwamba ipo hawezi kuiomba.

Kuna na zile sheria zinazokuja zikarudi. Mwaka 2018 taulo za kike ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2019 kodi ikarudishwa, na muuza duka aliyekuwa na shehena katikati ya tarehe hizo aliachiwa kazi ya kumweleza mteja kwa nini bei haikushuka na kwa nini sasa imepanda. Tarehe 15 Julai 2021 ikaanza tozo ya miamala ya simu, ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Haikumaliza miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mawakala wa huduma za fedha, ambao mtaji wao ni imani ya mteja kuliko kitu kingine, walibandika karatasi ya makato ukutani, wakaibandua, wakabandika nyingine, huku wakitukanwa kwa zote mbili.

Sitaki kusema kwamba serikali haijui kutangaza. Ikitaka, hujua sana. Makatazo ya mifuko ya plastiki Tanzania Bara yalianza kutumika tarehe 1 Juni 2019, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa amekwisha kuyatangaza Bungeni mwezi wa Aprili. Redio zikaimba, maofisa wakapita masokoni, na siku ilipowadia hata mtoto wa kutumwa dukani alijua kwamba aende na kikapu. Pamoja na hayo, pale kaunta pakabaki utata, maana sheria ilitofautisha mfuko wa kubebea, ambao ni haramu, na kifungashio cha bidhaa kutoka kiwandani, ambacho kiliruhusiwa kwa masharti. Na yule mama aliyezoea kupima sukari nusu kilo katika kiloba chembamba cheupe hakuwa na njia ya kujua kwamba kiloba hicho ni kifungashio kikiwa juu ya mizani na ni kibebeo kikiwa mkononi mwa mteja. Na habari ikiwa ina siasa au fitina ndani yake, nayo haikawii: agizo la Julai 2025 lililowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni na uongozaji wa watalii, lilijulikana Tanga na Nairobi kwa siku moja, na huko Kenya likazua manung'uniko juu ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki kabla wino wake haujakauka. Ile kanuni ya Machi 2025 iliyokataza kulipa na kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni ilianza kutumika tarehe 28 ya mwezi huo, nayo ikaenea kwa kiasi kwa sababu inahusu dola, na dola ina wasikilizaji wengi. Kinachokosa wasikilizaji ni vile vifungu vidogo vikavu, visivyo na mkutano wa waandishi wa habari, ambavyo ndivyo vinavyokata mkate wa kila siku.

Mathalani kodi ya zuio. Mfanyabiashara akipanga fremu ya duka, sheria humtaka akate asilimia 10 ya kodi ya pango, asimpe mwenye nyumba, bali aipeleke kwa Mamlaka ya Mapato kwa niaba yake. Jambo hili likielezwa ofisini husikika jepesi. Lipeleke sasa kwenye mtaa wenye wapangaji kumi wanaogombea fremu moja, na mwenye nyumba anayetaka pango la mwaka mzima, taslimu, kamili, bila kukatwa hata senti. Mpangaji akitaja asilimia 10 huonyeshwa mlango. Kwa hiyo hulipa yote, kisha miaka miwili baadaye hukaguliwa, akadaiwa ile asilimia 10 ambayo hakuikata, pamoja na riba, kutoka mfukoni mwake. Wengi hukutana na jina “zuio” kwa mara ya kwanza kwenye barua hiyo ya madai. Mimi huona kwamba sheria inayomfanya mnyonge wa mkataba awe mtoza kodi wa mwenye nguvu ilihitaji matangazo maradufu, nayo imepata nusu.

Basi haishangazi kwamba mambo haya yalipojikusanya yalilipuka. Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo, soko ambalo hulisha si Dar es Salaam peke yake bali wachuuzi wa Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura, yalifungwa. Malalamiko yalikuwa juu ya kamatakamata ya kikosi kazi cha kodi, juu ya mashine za stakabadhi na faini zake, na juu ya takwa la kusajili stoo za mizigo, ambalo wengi walidai kulisikia likiwa limekwisha kuwa sheria. Waziri Mkuu alikwenda akakutana nao viwanja vya Mnazi Mmoja, akasitisha kikosi kazi na usajili wa stoo. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, safari hii mgomo ukaenea hadi mikoani. Nilisoma wakati ule maoni ya watu wenye heshima zao waliosema kwamba wafanyabiashara hawataki kulipa kodi. Wapo wasiotaka, sikatai, na baadhi yao wana magorofa. Lakini ukiyasikiliza yale yaliyosemwa Mnazi Mmoja kwa utulivu, sehemu kubwa haikuwa hoja ya kukataa kulipa. Ilikuwa ni hoja ya kushtukizwa.

Lugha nayo ina fungu lake katika lawama. Tangu Sheikh Amri Abedi, mshairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliposhika Wizara ya Sheria mwaka 1963 akahimiza istilahi za sheria za Kiswahili, hadi Bunge lilipopitisha mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, imepita karibu miaka 60. Matunda yapo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, iliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mtu wa darasa la saba mwenye subira anaweza kuimaliza. Walakini sheria za fedha za kila mwaka, ambazo ndizo humgusa mwenye duka, zingali zikiandikwa kwa Kiingereza, tena kwa mtindo wa kusema “futa neno fulani katika kifungu kidogo fulani na kuweka neno fulani,” hata msomaji akawa hajui alichosoma mpaka apate na ile sheria mama ailaze kando yake. Fauka ya hayo, tangu Julai 2025 limeanza kutumika lile Toleo la Urekebu la sheria za nchi la mwaka 2023, na vifungu kadhaa vimebadilika namba, kiasi kwamba hata mawakili wa mahakama hufungua vitabu viwili.

Katika hali hiyo mtu mdogo afanye nini? Kwanza ajue kwamba mwaka wa sheria una majira yake. Mwezi wa Juni, kwa siku moja na nchi jirani kadhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Waziri wa Fedha husoma bajeti. Mwisho wa mwezi Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, ambayo kwa mkupuo mmoja hurekebisha sheria nyingi. Na tarehe 1 Julai aghalabu ya mabadiliko hayo huanza kuuma. Kwa hiyo hotuba ya Juni ni rasimu, na nimeona watu wakibadili bei kwa kufuata hotuba, kisha Bunge likaondoa kifungu kile kile. Cha kushika ni kile kijitabu chembamba ambacho Mamlaka ya Mapato hukitoa baada ya sheria kupita, chenye kodi na ushuru wote kwa muhtasari. Hakina bei, na ofisi za wilaya huwa nacho. Mambo ya leseni yana mlango wake: zile za kundi A hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na zile za kundi B, ambazo ndizo za akina sisi, hutolewa na halmashauri, kwa afisa biashara. Chakula na vipodozi, tangu mwaka 2019, vimehamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango, na ningali nikikutana na watu wanaopanga foleni kwenye mlango wa zamani. Tena mwenye kukadiriwa kodi asiyoridhika nayo ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Akizipitisha akinung'unika barazani, manung'uniko hayo hayahesabiwi.

Haya yote ni kazi, na mtu anayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga saa nne usiku hana mwanya wa kuifanya peke yake. Ndiyo maana nashangaa kwamba vyama vya masoko, ambavyo hukusanya michango ya misiba na ya taa kwa uaminifu mkubwa, haviweki mtu mmoja, hata kijana wa kidato cha nne mwenye simu, ambaye kazi yake mwezi wa Julai ni kusoma na kuwasomea wenziwe.

Wala serikali haiwezi kusema kwamba haijui pa kuwapata. Yule mama wa Ngamiani akienda kulipa awamu yake, namba ya malipo humfikia kwenye simu kabla hajatoka mlangoni. Leseni ikikaribia kuisha, halmashauri ina jina lake, mtaa wake na aina ya biashara yake. Mtambo ambao unajua kumwambia kwamba anadaiwa shilingi 62,500 hadi mwisho wa Machi unaweza, kwa herufi zisizozidi hizo, kumwambia kwamba akiwa na daftari angedaiwa 37,500. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa jambo hilo, wala fungu la bajeti la kutisha. Panahitajika mtu ofisini wa kuamua kwamba nafuu nayo ni taarifa.

Nilipoagana naye nilimwachia hesabu ile juu ya kipande cha boksi la sabuni, akaipitia mara mbili kwa kalamu yake mwenyewe. Aliniuliza kama daftari hilo lazima liandikwe na mhasibu. Nikamwambia la, kwa biashara ya kiasi chake haihitajiki. Tarehe, alichouza, alichonunua, na stakabadhi za manunuzi zihifadhiwe miaka mitano. Akamwita mjukuu wake aliye darasa la sita, akamtuma daftari la kaunta la kurasa 96, akamsisitizia adai risiti.

“Ila nikikadiriwa zaidi baada ya kuandika,” akaniambia, “nitakutafuta.”

Namba yangu ya simu anayo.